Pembe za Tandala wa Silanga

Watu wa hapa mtaa wa Majimbo, Embu, wakisikia kwamba ujana wangu niliumaliza nikichunga pembe za wanyama, hucheka. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, huniuliza kama pembe nazo hutoroka. Namwacha acheke. Embu ni mji wa walimu na watu wa ofisi, na mtu aliyeshinda maisha yake yote akisahihisha madaftari hawezi kuelewa kwamba kuna wakati mtu alilipwa kukaa vichakani na darubini, akitazama kichwa cha tandala dume mpaka macho yamtoke machozi, kisha aamue: huyu abaki, huyu aondolewe.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji. Shamba lilikuwa huko chini, mahali ambapo vilima vya Tigania vinaisha na joto la Tharaka linaanza: miiba, mawe mekundu na mito ya mchanga mtupu. Mwenyewe alikuwa mzungu aliyekataa kuuza shamba wenzake walipouza yao baada ya uhuru. Ng'ombe walikuwa wamemshinda. Kupe waliua nusu, simba wakachukua waliobaki, ndipo akaamua kufuga kile ambacho ardhi yenyewe ilikuwa ikikifuga tangu zamani. Wageni walikuja kutoka ng'ambo na bunduki zao, na walichotaka ni kichwa cha tandala dume mwenye pembe ndefu zilizojisokota vizuri. Nyama hawakuwa na haja nayo.

Sasa pembe nzuri haziji zenyewe. Sisi tulikuwa tukitazama madume wakiwa bado vijana. Yule ambaye pembe zake zilibana kama waya, au ncha ziligeukia ndani, au moja ilikuwa fupi kuliko nyingine, tulimwondoa kabla hajapanda majike. Yule mwenye pembe pana, zinazopanda kwa mizunguko iliyonyooka, huyo hakuguswa na mtu mpaka azeeke, shingo ififie rangi, na awe ameacha watoto wa kutosha. Tuliwawekea mawe ya chumvi. Tuling'oa waya wa ua wa zamani wa ng'ombe, kwa sababu pembe zilinasa humo. Mzungu alituambia kwamba kwao kuna wanyama ambao pembe zao huanguka kila mwaka na kuota upya. Tulimwona mwongo. Tandala akivunja pembe leo, atakufa nayo hivyo hivyo, na kazi yote ya miaka imekwenda na maji.

Sikufanya kazi hiyo peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, Mtharaka, mkubwa wangu kwa umri, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele na sauti ya kukwaruza. Mimi ni mtu wa Mikinduri. Ukoo wangu na wake ni wa gichiaro. Asiyejua gichiaro nimweleze, kwa sababu bila hiyo hataelewa chochote katika haya. Ni undugu wa kiapo walioufunga babu zetu, koo kwa koo, na unarithiwa kama vile mtu anavyorithi jina. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, huwezi kumnyima. Akikuuliza jambo, huwezi kumdanganya. Ukifanya hivyo mwili wako unavimba, au watoto wako wanapata shida, na hata sisi tuliobatizwa na kuimba kwaya hatukuwahi kuthubutu kujaribu tuone. Mchungaji wetu alikuwa akisema tuache mambo hayo, lakini yeye mwenyewe alipokutana na mtu wake wa gichiaro sokoni alivua kofia.

Kuna upande mwingine ambao watu wa nje hawaujui. Kwa kuwa mwenzako hawezi kukunyima, wewe unakuwa mwangalifu sana unapomwomba. Unamwomba chumvi, tumbaku, mahali pa kulala. Humwombi ng'ombe wake wa pekee, kwa sababu atakupa.

Mzungu hakujua chochote kuhusu hayo. Aliona tu kwamba sisi wawili hatugombani, wakati wafanyakazi wengine walikuwa wakirushiana maneno tangu uji wa asubuhi, basi akatuweka pamoja. Tulizunguka vichaka pamoja miaka mingi. Nilimpenda yule mtu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaume wa kwetu hawasemi, na mimi sasa nimezeeka vya kutosha kusema ninachotaka.

Tandala wa kisa hiki tulimwona kwanza kwenye silanga, lile bwawa la udongo ambalo mzungu alilichimba kwa trekta. Alikuwa dume kijana, mwembamba, mistari myeupe ubavuni kama amechorwa kwa chaki, na pembe zilizoanza vibaya. Zilikuwa karibu karibu mno. Mwenzangu alimtazama kidogo tu akanirudishia darubini.

"Huyu ni wa sufuria," akasema. "Andika aondolewe."

"Ngoja kidogo. Chini pale kuna nafasi. Ikizunguka mara ya pili itafunguka."

"Itafunguka wapi? Hiyo ni pembe ama ni mwiko? Wewe watu wa Mikinduri mmekula miraa mingi, mnaona vitu haiko."

"Mwaka mmoja tu, ndugu yangu. Nakuomba."

Akageuka akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesema nakuomba. Sasa angefanya nini?

"Haya," akasema. "Umenimaliza. Akae. Lakini akiwa na pembe mbaya, mimi ndio nitakula kichwa na wewe utakula kwato."

Zilifunguka. Mvua iliyofuata zilifunguka kama mikono ya mtu anayeomba, na kila mwaka zikaongeza. Mwenzangu hakukubali hata siku moja kwamba nilikuwa nimeona sawa. Alisema ni chumvi yake, aliyomwekea mahali pazuri. Tulimwita wa silanga. Mzungu alipompima kwa macho, akasema huyo asiguswe hata na Mungu, na akamwandikia mgeni fulani wa ng'ambo kwamba baada ya miaka kadhaa atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kisha nyama ikapatikana kwa mwenzangu. Ilikuwa nyama kavu ya swala, imetundikwa juu ya moshi nyumbani kwake, ng'ambo ya mto, nje kidogo ya mpaka wa shamba. Mlinzi mmoja alikwenda kumwambia mzungu. Mimi nilimwuliza mwenzangu ana kwa ana, na kwa sababu ya gichiaro nilijua nitakachosikia ni kweli.

"Ni ya shamba?"

"Ni ya shamba. Si mimi nilitega. Nililetewa na mtu, na watoto walikuwa na njaa. Nilikula na mimi."

"Nani alileta?"

Akanyamaza. Kunyamaza si kudanganya. Nilielewa kwamba ni shemeji yake, mtegaji aliyejulikana, na sikumwuliza tena. Nilimwendea mzungu nikamweleza kwamba mtu huyu hakutega mtego. Akaniuliza ninajuaje. Nikamwambia ameniambia. Akacheka kwa pua, kicheko cha mtu anayedhani anazungumza na mtoto. Mwenzangu alifukuzwa siku hiyo hiyo, akakatazwa kukanyaga shamba, na ikatangazwa kwamba mfanyakazi yeyote atakayetoa nyama nje ya mpaka, hata ya mnyama aliyeondolewa kwa pembe mbaya, atamfuata. Nyama ililiwa jikoni pa shamba au ilizikwa. Nilisimama pale na kofia mkononi, nikawaza kuacha kazi. Lakini nilikuwa na watoto shuleni, na mwenzangu mwenyewe alinishika bega akaniambia, "Wewe kaa. Mmoja wetu abaki na huyo mnyama."

Baada ya hapo mvua ikakataa. Haikunyesha msimu ule, ikakataa na uliofuata. Huko juu Mikinduri migomba ilisinyaa lakini watu walikula. Huko chini Tharaka mbuzi walikufa kwanza, kisha mtama ukaungua ukiwa bado haujatoa kichwa. Shambani mzungu hakutaka kupoteza kazi ya miaka. Lori lilipanda kila wiki kuleta mashina ya migomba na matawi mabichi, na maji ya kumwaga kwenye silanga. Mimi ndiye niliyesimamia. Nilimpasulia wa silanga mashina ya migomba kwa panga langu mwenyewe na kuyaacha chini ya mgunga alipopenda kusimama. Alikula vizuri, pembe zikabaki ziking'aa.

Mke wa mwenzangu alikuwa akipanda Mikinduri siku ya soko kuuza vikapu vya vyondo na mikeka. Tulikuwa tukikutana pale nikiwa nyumbani kwa mapumziko. Ni yeye aliyeniambia kwamba mumewe kifua kinamsumbua.

"Kinamsumbua vipi, mama?"

"Anakohoa. Lakini alienda hospitali akapewa dawa. Anaendelea vizuri."

"Anakula?"

"Anakula, baba. Usijali."

Sikutulia. Lori lilipokwenda Meru mjini kuchukua mahitaji ya shamba, niliteremka soko la Gakoromone nikanunua maharagwe na mahindi, na siku ya soko nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema atamwambia. Nikamtuma pia amwambie nataka kumwona. Jibu lililokuja ni kwamba amekwenda kwa wakwe. Nikatuma tena, nikaambiwa anatafuta malisho ya mbuzi waliobaki. Nilianza kuudhika. Nilijiuliza kama ananiwekea kinyongo kwa kuwa nilibaki na kazi naye akaondoka, na siku moja nilikasirika kabisa, nikashuka kwa miguu mpaka kwake bila kutuma neno.

Mke wake alitoka nje kabla sijafika uani. Watoto walikuwa wamekaa kivulini, kimya, hawachezi. Nikamwuliza mwenzangu yuko wapi.

"Ametoka asubuhi. Ameenda mbali kidogo."

"Na kile kifua?"

"Kimepoa sana. Si angebaki kama kingekuwa kibaya?"

Nilikaa kwenye kigoda nje ya nyumba nikamsubiri. Nilisema kwa sauti, ili na majirani wasikie, kwamba mtu anayemkimbia mtu wake wa gichiaro ana lake jambo. Nilisema mengine ya utani pia, kwamba wa silanga amenona na anamwuliza rafiki yake yuko wapi. Mke wake alinipa maji, akaketi kando, akawa anasuka chondo bila kuinua uso. Jua lilipoanza kushuka niliaga nikapanda kilima kurudi shambani. Nilikuwa na hasira bado, lakini moyo ulikuwa umetulia kidogo. Mtu anayeweza kutembea mbali, nikajiambia, huyo hajafika pabaya.

Mvua ya kwanza ilinyesha hatimaye, kabla sijapata mapumziko ya kupanda tena Mikinduri, na nyasi zikatokeza. Yule mgeni aliyekuwa ameandikiwa na mzungu akafika. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenye adabu, aliyetusalimu kila mmoja kwa mkono, na sina neno baya la kumsema. Wa silanga alikuwa amefikisha umri. Pua yake ilianza kuwa ya kijivu, na dume kijana, mtoto wake bila shaka, pembe zilizofunguka vile vile, alikuwa ameanza kumsukuma mbali na majike. Hivyo ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo na sikuwa na la kulalamikia. Niliwaongoza asubuhi, upepo ukiwa usoni mwetu, nikamwonyesha mgeni kwa kidole. Risasi ilikuwa moja. Wa silanga alipiga hatua chache, akapiga magoti ya mbele, akalala.

Mzungu alipima pembe mara mbili kwa utepe, akanipigapiga mgongoni, akacheka kama kijana. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Mimi nilikuwa nikitazama kile kichwa, nikatamani mwenzangu angekuwepo aseme tena kwamba ni chumvi yake. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamwambia mzungu kwamba mnyama huyu alilelewa na watu wawili, na wa pili ni mgonjwa, na naomba ruhusa nimpelekee nyama yake, mchana, watu wote wakiona. Alikunja utepe. Kisha akasema, "Chukua mguu wa nyuma. Mwambie pole. Mwambie akipona aje tuzungumze."

Aje tuzungumze! Nilikata mguu mzima na ini, nikavifunga kwenye gunia, nikajitwika. Ulikuwa mzigo wa watu wawili na sikuhisi uzito. Niliteremka kilima nikipiga mluzi. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Ningemwambia, nimekuletea rafiki yako, na kazi yako inakungoja, na ukinikimbia leo nitakutafuta hata kwa wakwe zako.

Mke wake aliniona kutoka mbali akasimama. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Niliona hivyo nikiwa bado njiani, na miguu iliendelea kutembea tu, kwa mazoea. Kando ya nyumba, karibu na ua wa miiba, palikuwa na udongo uliorundikwa, na mvua ilikuwa imeanza kuusawazisha.

Niliweka gunia chini. Nikamwuliza lini, akaniambia mwezi uliopita, kabla ya mvua. Nikamwuliza kwa nini sikuitwa, mimi, wa gichiaro, niliyepaswa kuwa pale kabla ya wote. Nilimwuliza vibaya, kwa ukali, na watoto wakasogea nyuma yake.

"Alinikataza," akasema. "Pale hospitali waliambia yeye dawa peke yake haiwezi. Lazima nyama, supu, maziwa, kila siku. Sasa mimi ningetoa wapi? Mbuzi yote imekufa."

"Si ungeniambia! Kila siku ya soko nilikuuliza!"

"Mimi sikuzaliwa kwa hiyo ukoo. Mimi naweza kukudanganya. Yeye hangeweza." Alianza kulia, bila sauti, machozi yakiteremka tu. "Siku ile ulikuja ukakaa hapo na kigoda, alikuwa ndani ya ghala. Alikuwa amejaza blanketi kwa mdomo asikohoe. Ulipotaja hiyo mnyama, akacheka huko ndani, nikaogopa utasikia. Ulipoenda alitoka, akaniambia, huyu akiniona ataniuliza, na mimi nitasema ukweli. Na nikisema ukweli, ataua ile tandala aniletee, na yule mzungu atamfukuza kama mimi. Watoto wake wako shule. Akaniambia, wewe mwambie niko vizuri."

Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikuja akafungua gunia, akatazama ndani, kisha akamtazama mama yake kama anayeomba ruhusa. Mama akatikisa kichwa kukubali. Msichana akaenda kuwasha moto. Walikuwa na njaa, na nyama ni nyama, nao walikula, na hilo namshukuru Mungu.

Mwaka uliofuata uwindaji ulipigwa marufuku, mzungu akaenda zake, na mimi nikahamia Embu kutafuta kazi nyingine. Watu wananiuliza kama niliwahurumia wale wanyama. Niliwapenda, ndiyo. Yule wa silanga nilimpenda kuliko wote. Nilimlea kwa mikono yangu nikahesabu mizunguko ya pembe zake kama mtu anayehesabu miaka ya mwanawe. Na ningemwua. Mwenzangu angenitumia neno moja tu, ningempiga risasi mchana kweupe mbele ya mzungu, nikamfikishia nyama ikiwa bado ya moto, na kazi nikaiacha pale pale chini na bunduki. Alinijua vizuri. Ndiyo maana alijificha ghalani.